Ukuta wa Shangazi Kadzo: Udongo au Mawe?

Chukua udongo kiganjani uuminye. Ukifungua vidole na tonge likabaki limeshikana, bado hujajua kitu. Nyoosha mkono usawa wa bega uliache lianguke kwenye ardhi ngumu. Likisambaa lote kama unga, maji hayatoshi. Likilala bapa kama andazi lililokaliwa, maji yamezidi. Likivunjika vipande vichache vinavyohesabika, udongo uko tayari kuingia mashineni. Nimeishi kwa tonge hilo tangu nilipotoka shule mpaka mgongo uliponiambia basi, na nyinyi vijana mnaokuja kuniuliza siri ya kazi huondoka mkidhani nimewaficha nyingine.

Sikuwaficha. Mimi tu si msemaji. Nikiwa msichana nilikuwa na haya mbaya. Dukani nilinunua chumvi kwa kuinyooshea kidole, na mwenye duka alizoea akidhani mimi ni bubu. Lakini jioni nilikuwa naandika. Nilikuwa na daftari lililobaki na kurasa tupu za hesabu, nikaandika humo mambo ya mchana, na juzi nimeyasoma tena yale ya miaka ya themanini pale Matsangoni. Nusu yake ni malalamiko ya mikono kuuma. Nusu nyingine ni maswali. Kwa nini udongo wa chini ni mwekundu na wa juu mweusi? Kwa nini tofali la jana ni gumu kuliko la juzi? Nilikuwa siwezi kumuuliza mtu, basi nikaliuliza daftari, nalo halikujibu, ikabidi niende nikajionee.

Kazi yenyewe niliingia kwa sababu ya mchwa.

Shangazi Kadzo, dada yake baba, alikuwa mjane, na nilikaa kwake nilipomaliza kidato cha nne. Nyumba yake ilikuwa ya fito na udongo, ya makuti juu, kama za jirani zote. Ukiwa umelala mchana kimya kimya unasikia mchwa wakila ndani ya ukuta, mlio kama wa mtu anayetafuna kashata chumba cha pili. Kila baada ya miaka michache ukuta huinama, wanakuja watu wanakata fito upya, wanakandika upya, na mchwa nao wanaanza upya. Fito zilikuwa zimekuwa adimu. Msitu ulikuwa mbali na askari wa msitu alikuwa karibu. Shangazi alisema amechoka kujenga chakula cha wadudu.

Mnaweza kuuliza, si angejenga ya mawe? Mawe yapo pwani yote hii, timbo zimejaa, wanachonga matumbawe ya kale kwa shoka na kwa msumeno. Bei ilikuwa kikwazo, naam. Kikwazo kikubwa kilikuwa kingine.

Ardhi tuliyokaa haikuwa yetu. Ilikuwa ya Bi Rukia, mama mtu mzima wa Malindi mjini, ambaye jamaa zake walikuwa na mashamba ya minazi tangu enzi za babu zao. Sisi tulikaa kwa ruhusa yake, tukilipa ijara, na sharti lilikuwa moja, kila mtoto alilijua: jenga ya udongo, usijenge ya mawe. Nyumba ya udongo ukiiacha hurudi ardhini, na mwenye shamba hadaiwi kitu. Nyumba ya mawe hukaa, na anayekaa ndani yake siku moja husimama mbele ya hakimu akasema hapa ni pangu. Ukihama ulikuwa na haki ya kuchukua mlango, madirisha, boriti na makuti yako. Ukuta uliuacha ufe.

Sasa, chama cha kina mama cha pale kijijini kiliazimwa mashine ya kushindilia matofali na chuo kimoja cha ufundi. Msifikirie mashine ya moto wala mafuta. Ni sanduku la chuma lenye kifuniko, na mkono mrefu wa chuma unaovutwa na watu wawili. Unatia udongo uliochekechwa, uliochanganywa na simiti kidogo sana, unafunika, unavuta mkono, udongo unabanwa mpaka unakuwa nusu ya ulivyokuwa. Unafungua, unatoa tofali. Shangazi alipoliona la kwanza, siku watu wa chuo walipotuonyesha, alilibeba kama anavyobeba mtoto wa mwenzake, akaligeuza, akalinusa, akasema, "Ni udongo." Akaingia nyumbani akatoa akiba yake ya simiti, yaani pesa za mbata, nazi zilizokaushwa, za mwaka ule. Nyumba yake ndiyo ingekuwa ya kwanza, nami nikawa mchanganyaji.

Mashine ilikuja na mtu wake, Fundi Omari wa Mambrui. Mwashi wa zamani, amekulia kwenye kuta za mawe na chokaa, mikono imepauka mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mcheshi, na alipenda kufundisha kwa kukuacha ukosee kwanza halafu acheke. Siku ya kwanza alituambia tuandae udongo, akaenda zake kuswali.

Tulikosea kwa sababu tulijua. Mwanamke wa kwetu ameshika udongo wa kukandika tangu utotoni, na udongo wa kukandika unataka maji mengi na miguu mingi. Basi tukachimba, tukamwagia maji madebe kwa madebe, tukapanda juu tukaukanyaga huku tukiimba. Ulikuwa udongo mzuri, mlaini, unateleza kama siagi. Tuliutia mashineni, Mama Jumwa, mmoja wa kina mama wa chama, na mwenzake wakavuta mkono, maji yakaruka kutoka kila upenyo yakampiga Mama Jumwa usoni. Tulipofungua, tofali lilichungulia, likainama, likalala chini.

Fundi Omari alikuwa amesharudi, amesimama nyuma yetu. Alikaa chini kabisa mchangani. "Kina mama," akasema, "mimi nimekuja kutengeneza tofali, nyinyi mmenipikia uji."

Mama Jumwa, aliyekuwa bado anajifuta, alimwambia kama ni uji basi anywe, kazi ya mwanamume ni kula anachopikiwa.

Ndipo akatufundisha tonge. Akatufundisha na chupa pia: unatia udongo robo ya chupa ya kioo, unajaza maji, unatikisa, unaiweka mahali ambapo mbuzi hafiki. Mchanga unatua kwanza, upesi. Unaofuata ni ule laini. Ule wa mfinyanzi unachelewa, unabaki ukielea kama mgeni asiyejua akae wapi, mpaka kesho yake. Hapo unaona matabaka, unajua udongo wako una nini. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka, ukipungua, halitashikana. Mimi chupa hiyo ilinivuruga akili. Nilitia chupani udongo wa kila shimo nililolipita, wa njia ya Gede, wa bustani ya shule, wa kichuguu cha mchwa. Dirisha la shangazi lilijaa chupa, watu wakasema mtoto wa Kadzo ameanza uganga.

Kichuguu, mkitaka kujua, kina udongo mzuri kupita kiasi. Mchwa wanajua kuchagua. Nilimwambia shangazi, akasema hataki kuwashukuru.

Kosa la pili lilikuwa la jua. Kwetu kila kitu chenye thamani huanikwa. Nazi ili iwe mbata huanikwa, samaki huanikwa, mahindi, muhogo, hata godoro la mtoto. Fundi Omari alikwenda kwao Mambrui siku mbili akituachia matofali mabichi kivulini. Tukaona aibu kuyaacha pale kama vitu visivyo na wenyewe. Tukayatoa yote tukayapanga juani kwa mistari, tukayageuza mchana kama mbata, ubavu huu, halafu ubavu huu. Alipokuja akakuta yamepauka, mengine yamepasuka katikati. Ukikwaruza kwa ukucha, yanatoka unga.

Safari hii hakucheka. Aliuliza ni nani kayatoa nje. Shangazi akasema ni sisi sote, tumeyaanika yakauke.

"Bi Kadzo, tofali bichi ni mwari," akasema. "Mwari hutolewa nje? Hufungiwa ndani, akafunikwa, akasingwa, akanyunyiziwa marashi mpaka siku yake ifike. Huyu marashi yake ni maji. Asubuhi na jioni."

Sote tulielewa papo hapo, hakuhitaji kutueleza kemia. Banda likaitwa chumba cha wari. Tuliyafunika kwa makuti mabovu na nailoni, tukayanyunyizia maji kwa matawi kama watu wa arusini, na wapita njia wakaanza kutuuliza mahari ni kiasi gani. Lakini mimi sikuridhika na mwari. Nilitaka kujua kwa nini. Nikaweka tofali moja juani na jingine ndani, siku ile ile, mchanganyiko ule ule, na kila jioni nikayakwaruza kwa msumari. La juani lilikuwa gumu siku ya kwanza kuliko lenzake, halafu likasimama hapo hapo. La ndani liliendelea kuwa gumu kila siku, polepole, mpaka msumari ukaanza kuteleza. Niligundua kwamba simiti haikauki kama nguo. Inakunywa. Ukiinyima maji inakufa na kiu ikiwa haijamaliza kazi yake. Mkisahau mengine yote, hili msilisahau, maana hata leo napita mahali naona matofali mabichi yamepangwa juani kama mbata, na moyo unaniuma.

Basi wari wakaiva, na ukuta ukaanza kupanda. Msingi ulikuwa wa vipande vya matumbawe vilivyookotwa na kushindiliwa kwa udongo, ukuta wa matofali mekundu, sawa sawa, kona zimenyooka kwa timazi. Fundi Omari aliyapanga kwa simiti na mchanga, kama alivyozoea kwenye mawe, na alikuwa mkarimu kwa simiti. Alisema ukuta wa mtu ni heshima yake. Shangazi alikuwa akiamka anauzunguka kabla ya kunawa uso. Mvua za masika zilikuwa zinakaribia, na nyumba ya zamani ilikuwa tayari imebomolewa upande mmoja. Tulikuwa tunalala jikoni.

Ukuta ulipofika usawa wa madirisha, akaja Bwana Mbarak.

Bwana Mbarak alikuwa mpwa wake Bi Rukia na msimamizi wa shamba. Kijana mpole, mwenye kanzu safi na baiskeli safi zaidi. Alisalimia, akauliza habari za watoto, kisha akautazama ukuta. Akatoa funguo mfukoni, akaugonga. Ulilia ngo, ngo.

"Shangazi," akasema, naye alimwita shangazi kama sisi, "udongo haulii hivi."

Shangazi akamwambia ni udongo, ameuchimba nyuma ya choo, aende akalione shimo. Bwana Mbarak alikwenda kweli akaliona shimo. Akarudi, akagonga tena. Akasema hana mamlaka ya kukubali wala kukataa, ila kazi isimame mpaka Bi mwenyewe aje, na Bi akisema ni mawe, ukuta utashushwa. Alisema kwa huzuni, kama mtu anayetoa habari za msiba wa upande wenu.

Jioni ile kina mama walikaa kuzungumza, na hapa nitasema bila kuficha kwamba shauri lililotoka halikuwa zuri. Tulikuwa na matofali machache ya mwanzo, ya kujaribia mashine, yasiyo na simiti kabisa. Kwa macho huwezi kuyatofautisha na yale mengine. Ila ukiyatia majini yanayeyuka kama biskuti kwenye chai. Mama Jumwa akasema dawa ni hiyo: Bi akija, tumtilie tofali majini mbele ya macho yake, aone likirudi udongo, aende zake na roho yake nyeupe. Wakamtazama Fundi Omari. Akasema yeye ni mwashi, si wakili. Wakamtazama shangazi. Shangazi alikuwa anapeta mchele, akaendelea kupeta.

Bi Rukia alikuja baada ya swala ya Ijumaa, kwa teksi, amevaa buibui na miwani mikubwa, Bwana Mbarak akimshika mkono. Tulimwamkia, akatuitikia mmoja mmoja. Nilikuwa nimemtarajia mtu mkali. Kumbe alikuwa mtu wa kutaka kujua, kama mimi, tofauti yetu ikiwa kwamba yeye aliuliza. Aliuliza udongo umetoka wapi, umechekechwa kwa waya gani, kwa nini kifuniko kina vipini viwili. Alitaka kuona tofali likitoka. Akaushika mkono wa mashine pamoja na Mama Jumwa, akavuta, buibui ikamdondoka begani, na tofali lilipochomoza akasema "Lahaula," akaligusa kwa kidole kama mtu anayegusa mkate kuona umeiva.

Kisha akauliza, "Nani achanganya?"

Wakaninyooshea kidole mimi.

"Njoo, mwanangu. Ndani yake mna nini?"

Nilikuwa na haya za miaka kumi na minane. Nadhani kama ningekuwa mzungumzaji mzuri ningepata la kusema. Kwa kuwa sikuwa, nikasema lililokuwapo. "Udongo, Bi. Na mchanga kidogo. Na simiti."

Mama Jumwa alinifinya mgongoni, nikaruka.

"Simiti kiasi gani?"

"Debe moja kwa madebe kumi na sita ya udongo."

Akafikiri. Akasema, "Hebu litieni moja majini tulione."

Sasa sikilizeni. Matofali ya kuyeyuka yalikuwa yamewekwa pembeni, karibu na debe la maji, tayari. Mama Jumwa alishainama kulichukua moja. Shangazi Kadzo akanigeukia. Akasema, "Sidi, nenda ukachukue la ukutani."

Nikaenda. La safu ya juu lilikuwa bado halijashikizwa vizuri, nikalitikisa likatoka, nikalitia ndani ya debe kwa mikono miwili. Viputo vikapanda juu, vingi, halafu vichache, halafu vikakoma. Bi Rukia aliketi mkekani akanywa chai ya tangawizi, akatusimulia nyumba ya kwao Malindi ilivyokuwa ikipakwa chokaa kila kabla ya Idi. Hakuna aliyesikiliza. Sote tulikuwa tunalitazama debe. Alipomaliza chai akaniashiria, nikalitoa tofali. Lilikuwa zito zaidi, jekundu zaidi, na kona zake zote nne zilikuwa pale pale.

"Basi hili ni jiwe," akasema Bi Rukia.

Shangazi alipiga magoti mbele yake, si kwa kuomba, alikuwa anaokota vikombe. Aliongea huku akiviokota. "Bi, hapa nimejenga mara tatu. Mara zote tatu nimejengea mchwa. Ardhi yako siitaki. Nataka ukuta ambao sitauzika kwa mikono yangu."

"Wewe sikushuku, Kadzo," akasema Bi Rukia. "Nawashuku wajukuu zako na wajukuu zangu. Hao ndio watakaokutana mahakamani, mimi na wewe tukiwa hatupo wa kuwaambia tulikubaliana nini."

Mlango mpya wa shangazi, wa mbao ya mvule, ulikuwa umeegemezwa kwenye mnazi ukisubiri ukuta. Bi Rukia aliutazama muda mrefu.

"Mlango huu wa nani?"

"Wangu."

"Ukihama?"

"Nauchukua."

"Kwa nini wauchukua mlango, ukuta wauacha?"

Shangazi akasema ndiyo desturi. Bi akasema hajauliza desturi, ameuliza sababu. Shangazi akafikiri. "Kwa sababu mlango wang'oka."

Bi Rukia akamgeukia Fundi Omari, akamuuliza matofali ameyashikiza kwa kitu gani. Fundi akajibu kwa simiti na mchanga, tena akasema kwa fahari. Akamuuliza angeyashikiza kwa udongo mtupu ingekuwaje. Fundi Omari akasimama. Akaenda ukutani akaupapasa. "Yatakaa," akasema. "Ukuta utasimama. Na mtu akiyataka, yatang'oka moja moja, mazima."

"Basi fanyeni yang'oke," akasema Bi Rukia. "Ukuta unaong'oka ni wako, Kadzo, kama mlango. Siku ukihama, utakwenda nao. Usioweza kwenda nao, siutaki shambani kwangu." Akamwambia Mbarak asikie, awe shahidi, na kina mama wote wasikie.

Mnafikiri tulishangilia? Ukuta ulikuwa usawa wa madirisha na umeshikwa na simiti. Ilibidi tuushushe. Fundi Omari aligonga kwa nyundo na patasi, na hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo alinifundisha mimi, nami nawafundisha nyinyi. Simiti ya kwenye viungo ilikuwa na nguvu kuliko matofali yenyewe. Ukigonga, kiungo hakiachii, tofali ndilo linalopasuka. Tulipoteza mengi. Na tulipoangalia vizuri karibu na kona, tukakuta nyufa zimeshaanza, zikipita katikati ya matofali badala ya kufuata viungo. Ukuta ule ungepasuka hata kama Bi asingekuja. Kwenye mawe ya matumbawe Fundi asingeiona hitilafu hiyo, maana jiwe lile lahimili ukarimu. Alisimama na nyundo yake akasema, "Nilimpa nguvu asiyestahili." Tangu siku hiyo kanuni ni hii: kinachoshikiza kisimzidi nguvu anayeshikizwa. Kitu kikitaka kupasuka, kipasuke pale palipo rahisi kuziba.

Kina mama walikuwa na hasira na mimi. Mama Jumwa aliniita Bi Simiti mwezi mzima, na kila nilipofungua mdomo, jambo la nadra, alisema ngojeni, anataka kutubomolea jingine. Lakini alivuta mkono wa mashine kutoka alfajiri, akatuimbisha, na matofali mapya yakalazwa yakafunikwa. Shangazi alisafisha yale yaliyookoka kwa panga, moja moja, akikwangua simiti kama anayeparua samaki. Ukuta ukapanda tena kwa udongo mtupu kwenye viungo. Tukashusha paa la makuti chini kuliko kawaida, mpaka mtu mrefu ainame kuingia, ili mvua isiufikie ukuta. Mvua ya kwanza ilitukuta tunafunga makuti ya mwisho. Shangazi alikaa ndani akiweka kiganja ukutani, huku na huku, mpaka mvua ikakatika. Ulikuwa mkavu.

Nimefanya kazi hii baadaye Kikambala, Gede, mpaka ndani ndani huko bara ya Kilifi. Nimevuta mashine za kila aina. Watu wengi wananiuliza tofali hili lahimili miaka mingapi, na mimi hupenda kuwasimulia ukuta ule kuliko kuwatajia miaka.

Mwishoni mwa miaka ile ya themanini Bi Rukia alifariki, Mungu amrehemu. Warithi wake walikuwa wengi na mji ulikuwa umewaita kila mmoja upande wake, shamba likauzwa. Mnunuzi alitaka ardhi tupu. Jirani zetu waling'oa milango na boriti zao wakaondoka, na kuta zao zikasukumwa kwa trekta, kazi ya asubuhi moja. Msimamizi wa mnunuzi alipofika kwetu akamwambia shangazi atoe vyombo vyake, ukuta auache. Shangazi akamwambia ukuta ni chombo. Yule bwana akacheka.

Bwana Mbarak alikuja, nywele zimeanza kupungua. Hakuwa na faida yoyote kwenye jambo lile. Shamba halikuwa lake tena. Alisimama katikati ya uwanja akasema alikuwapo, alisikia kwa masikio yake, ukuta ni wa mama huyu, na mtu wa trekta angoje. Kisha akavua kanzu, akabaki na shati na kikoi, akaanza kupokea matofali.

Tuliyashusha kutoka juu kuja chini. Udongo wa viungo uliachia kwa kupigwa mwiko kidogo tu. Mimi nilikuwa napokea na kuyatazama, maana udadisi haukuniacha: yale ya upande wa mvua yalikuwa yameliwa kidogo usoni, kina cha ukucha, basi. Yale ya ndani yalikuwa na alama za mashine bado. Tuliyapakia kwenye mkokoteni na pikapu ya kuazima, tukayapeleka nyuma ya Gede, kwenye kipande ambacho shangazi alikuwa amekipata, chenye hati yenye jina lake. Tulipoyapanga upya niliyageuza, uso ulioliwa ukaingia ndani, uso mzima ukatoka nje. Baadhi yalivunjika njiani, nikayabana mengine mapya. Mpaka leo nikipita nayajua, rangi yake imepishana.

Siku tulipomaliza kupandisha ukuta, jirani mpya akaja kutuangalia. Alizunguka nyumba, akagonga kwa kidole, akamuuliza shangazi amewezaje, mjane, kujenga nyumba kama hii kwa siku chache namna ile, na amejenga kwa kitu gani, udongo au mawe.

Shangazi alikuwa anapigilia bawaba ya mlango, misumari mdomoni. Akaitoa.

"Sikujenga, mwanangu," akasema. "Nimehama."